Wabebaji wa Mji wa Wasiokufa

Nilimkana mama yangu siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, mtaani Mwembesongo, mbele ya watu watatu na dadu mbili. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia njiani. Wapo watu wanaosimulia aibu yao wakiizungusha na kuipamba mpaka msikilizaji anaanza kuwapenda. Mimi sitaki kupendwa kwa hili.

Tulikuwa wanne, wote wa mwaka wa pili chuoni, na tulikuwa tumetunga mchezo. Si wa kwenye simu. Ulikuwa wa mezani, wenye ramani aliyoichora Jesca kwenye karatasi za manila, kadi tulizozikata kwa mkasi, na daftari la sheria. Tulichezea kwa kina Abuu, kibarazani nyuma ya duka la baba yake. Kelvin ndiye aliyekuwa msimamizi: akisema ukuta umeanguka, umeanguka, na hakuna wa kubisha. Mimi niliitunga dunia yenyewe na kuandika jinsi nguvu za ajabu zinavyofanya kazi ndani yake. Tuliuita Mji wa Wasiokufa.

Hapa naomba nijisifu kidogo, kwa sababu mbele sitapata nafasi. Kelvin alikuwa ameniuliza swali gumu: watu wasiokufa wanazilipia nini nguvu zao? Katika hadithi nyingi mtu hutoa damu, hutoa roho, hutoa miaka yake. Asiyekufa akikupa miaka yake kumi amekupa nini? Nilikaa na swali hilo wiki nzima, silali vizuri, ndipo nikapata jibu. Wanalipa kwa kumbukumbu.

Mji una matabaka matatu. Juu wapo Watamkaji. Mtamkaji akisema "mvua," mvua inanyesha. Hashiki fimbo, hachomi ubani. Katikati wapo Wapimaji, wenye mizani, kwa sababu kila neno lililotamkwa lina uzito wake: mvua ya siku moja ni vikapu viwili, kumponya farasi ni nusu kikapu. Chini kabisa wapo Wabebaji. Ule uzito hauwezi kuachwa mjini, utabomoa nyumba, kwa hiyo Mbebaji anajitwika kichwani na kuupandisha mlimani kwenda kuumwaga. Kila akishuka amesahau kitu. Leo jina la mtoto wake, kesho njia ya kisimani, keshokutwa ladha ya muwa. Mtamkaji yeye hasahau chochote, na ndiyo maana anaonekana ana hekima. Anawatazama Wabebaji wanavyobabaika na kusema, "Hawa wameumbwa hawana akili, ndiyo maana wanabeba." Hasemi kwamba ni kubeba kulikowamaliza.

Kelvin alipofika hapo akisoma daftari langu alipiga meza. "Martina, wewe una kichwa," akasema.

Wabebaji nao niliwapa kinga moja. Mbebaji akiweza kuwataja mama zake saba, kuanzia aliyemzaa na kupanda juu bila kukosea, uzito unamrudia yule aliyetamka. Kwa hiyo kulikuwa na kadi saba za mama, kila moja na jina lake na pointi zake.

Hilo la mama saba sikulitunga. Kwetu ni Nyandira, upande wa Mgeta, na kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Bibi yangu Cecilia alinifundisha majina hayo tukichambua maharage: Yuliana aliyenizaa, kisha yeye mwenyewe Cecilia, kisha Tabu, Semeni, Sikudhani, Mazoea, Siwema. Kila jina na kazi yake. Semeni, kwa mfano, alibeba mawe ya kujengea kanisa akiwa na mimba ya miezi saba. Majina hayo hutajwa ukoo unapokwenda kufagia makaburi na kuomba jambo. Siku nyingine yanakaa kimya. Mimi niliyachukua kama yalivyo nikayaandika kwenye kadi kwa kalamu ya wino mwekundu, na nilibadilisha moja tu: pale pa Yuliana niliandika "Mama wa Kwanza." Semeni nilimpa pointi tatu.

Hata kule kubeba sikukutunga. Mama yangu analima kabichi na karoti bondeni, na barabara iko juu. Tangu nina akili namwona akiupanda ule mteremko na tenga kichwani, goti karibu liguse kidevu.

Sasa kosa lenyewe. Kelvin alitaka Wabebaji wachekeshe kidogo, ili mchezo usiwe mzito. Siku ya kwanza nilipowachezea, nilizungumza Kiswahili kama wanavyokizungumza wanawake wa kwetu, nikavuta maneno na kuyainua mwishoni. Wenzangu walicheka mpaka Jesca akamwaga chai. Kuchekewa ni kutamu, jamani, msidanganyane. Wiki iliyofuata niliongeza. Nikamleta Mbebaji anayevua ndala kabla ya kupanda gari la farasi. Nikamleta mwingine anayemwamkia sanamu, akikosa jibu anaamkia tena kwa sauti zaidi.

Ndipo Jesca akauliza, "Lakini si utawaudhi Waluguru?"

Ningeweza kusema ukweli. Ningesema, mimi ndiye Mluguru, na wangenicheka siku moja yakaisha. Badala yake nikasema, "Mimi Mhehe, bwana. Hao ni watani zangu."

Abuu, ambaye baba yake ni Mnyamwezi na kwa hiyo ni mtani wetu wa haki kabisa, alinipa mkono. "Basi tuko upande mmoja!"

Kila mtu hapa kwetu anajua mtani ana ruhusa. Mtani anaweza kukuita mwizi siku ya harusi yako, akachukua kuku wako, ukacheka. Msibani ndiye anayefanya vituko huku wafiwa wakilia. Ruhusa hiyo mtoto wa nyumba hana. Mimi niliiba ruhusa ya watu ili niwatukane watu wangu, na nikaitumia mwaka mzima.

Mwaka mzima huo mama alikuwa anashuka mjini kila Jumamosi na gari la mboga, tunakutana sokoni nyuma ya meza za nyanya. Kwenye chumba nilichopanga nilimkataza kuja. Nilimwambia kwamba mwenye nyumba wangu, Bi Mwamvita, ni mkali, hapendi wageni. Bi Mwamvita, ambaye mgeni akiingia kwake hatoki bila kulishwa kwa nguvu! Mungu anisamehe na hilo.

Jumamosi hiyo mama alikuwa aniletee cheti changu cha kuzaliwa. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka nakala chuoni kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, na cheti kilikuwa Nyandira, kwenye sanduku lake. Tulipanga saa sita sokoni. Nilisahau. Tulikuwa tunaujaribu mchezo kwa mara ya mwisho kabla ya kuupeleka kwa mchapaji, na simu yangu ilikuwa imezima. Mama alinisubiri hadi saa nane, kisha akauliza njia mpaka kwa Bi Mwamvita, na Bi Mwamvita kwa ukarimu wake akamwelekeza kwa kina Abuu.

Nilikuwa nimesimama, kitambaa kichwani, kikapu juu ya kitambaa, nimeupa mlango mgongo. Nilikuwa katikati ya maneno. Wenzangu walikuwa wanacheka, halafu nikasikia, "Hodi hapa."

Sauti ya mama yako huitambui kwa masikio. Tumbo ndilo linaloitambua.

"Karibu mama, shikamoo," alisema Abuu, na Kelvin na Jesca wakafuata. Mimi sikuamkia. Niligeuka na kikapu changu kichwani, nikamwona amesimama pale na mfuko wa karoti, kanga yake ya sokoni, vumbi jekundu kwenye vidole vya miguu.

"Marahaba wanangu," akasema. "Namtafuta…" Akaniona. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kifuani, ndani ya kanga, anatoa bahasha.

"Ah, mama wa mboga!" nikasema. "Umeniletea karoti zangu?"

Mkono ulisimama. Sikuwahi kuuona mkono wa mama ukikosa la kufanya. Kisha taratibu akaishusha bahasha, akaitumbukiza ndani ya mfuko, akaifukia chini ya karoti kwa vidole ili isionekane.

"Ndiyo, dada," akasema. "Nimekuletea karoti zako."

Alisema dada, kama muuza mboga anavyomwita mteja. Alikuwa ameuelewa uongo wangu mara moja, akauingia na kuufunga mlango nyuma yake ili mimi nisiaibike. Hakuna kitu duniani kilichoniaibisha kuliko hicho.

"Mama wa wapi?" Kelvin akauliza.

"Nyandira, huko Mgeta."

"Mluguru halisi! Mama, hebu kaa kidogo. Tuna mchezo hapa, utuambie kama tumepatia."

"Ana haraka," nikadakia. "Gari litamwacha."

"Gari lipo," mama akasema, akaketi. Mama yangu, ambaye kwa watu asiowajua haketi hata akibembelezwa.

Kelvin alimweleza mchezo, na alieleza kwa adabu, sina la kumlaumu. Alimwonyesha ramani, mlima, mizani. Mama alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, mikono mapajani. Alipomaliza, akauliza swali moja.

"Huyo anayesema mvua inyeshe, kikapu chenyewe hajawahi kukishika?"

"Hajawahi, mama."

"Uzito wake anaujuaje?"

"Anaambiwa na Mpimaji."

"Anaambiwa," mama akasema, akatikisa kichwa taratibu.

Jesca, kwa nia njema tu, akampa zile kadi saba azione michoro. Mama anasoma polepole, midomo inacheza. Nilimwona akilisoma Cecilia, akatulia. Akalisoma Tabu. Akafika kwa Semeni, akaisogeza kadi kwenye mwanga. Alizisoma zote saba mpaka Siwema, akazipanga upya kwa utaratibu wake, mkubwa chini, mdogo juu, akaziweka mezani.

"Huyu Semeni ana pointi tatu tu?"

"Tatu si mbaya, mama," Kelvin akasema.

"Aliandika nani majina haya?"

Wote wakaninyooshea kidole. Abuu akaongeza akicheka, "Lakini usimkasirikie, mama. Huyo Mhehe, ni mtani wenu!"

Mama akaniangalia. Pale ndipo palipokuwa na nafasi. Lilikuwa neno moja, silabi mbili, neno la kwanza nililowahi kulitamka duniani. Nikawaza jinsi watakavyonitazama, mwaka mzima wa vicheko ukinirudia usoni. Nikanyamaza.

Mama akacheka. Alicheka kile kicheko kikubwa cha harusini, cha mdomo wazi, wanachochekeana watani. Sikuwahi kuchekewa hivyo naye, kwa sababu mtu hamcheki mwanawe hivyo.

"Kumbe Mhehe! Mngeniambia mapema. Basi nikifika nyumbani namficha mbwa wangu, usije ukamla." Abuu akajipiga paja. "Haya mtani, nionyeshe sisi tunavyobeba."

"Onyesha, onyesha!" Kelvin akapiga makofi.

Na mimi nikaonyesha. Nilikiweka kikapu vizuri, nikatembea kibarazani, nikapinda goti, nikayavuta maneno na kuyainua mwishoni. Nilimwigiza mama yangu mbele ya mama yangu. Wenzangu walicheka, na yeye akanitazama kwa makini kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shingo, mtani," akasema. "Ukilegeza shingo hivyo, mzigo utakuvunja."

Kisha akainuka, akanikabidhi mfuko wa karoti kwa mikono miwili. Bado alikuwa anatabasamu.

"Sisi ni watu wa kufa, si kama hao wa mchezo wenu. Siku nikifa, mtani, uje. Unicheke kama ulivyonicheka leo, ufanye vituko vyako vyote. Ila usilie. Kulia tutawaachia watoto wangu."

"Huyo ndiye mtani!" Abuu akashangilia. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilikisikia kicheko changu, chembamba, kimechelewa kuliko vingine.

Mama akaaga, akatoka.

Jesca akaingiza mkono mfukoni achukue karoti. Akatoka na bahasha ya kaki. Ilikuwa haijafungwa. Sikumzuia. Alivuta karatasi, akaisoma, akainua macho akanitazama, akarudi kuisoma, safari hii kwa sauti.

"Martina. Mahali pa kuzaliwa, Nyandira. Jina la mama, Yuliana." Akaishusha karatasi. "Martina, yule alikuwa mama?"

Nilitikisa kichwa kukubali, nikawaambia na yale majina ya kadi ni ya ukoo wetu kweli.

Nilingoja matusi. Ningeyapenda matusi. Abuu, mcheshi wetu, alikuwa ameshaacha kucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye mtani wao. Mimi, mwenye ruhusa, nisingewataja marehemu wao kwa majina. Na nimekusaidia kumcheka mama yako ndani ya nyumba yetu." Akaingia dukani kwa baba yake, hakutoka tena. Kelvin alizikusanya zile kadi saba, akazifunga kwa mpira, akazisukuma mbele yangu.

"Kimbia, utamkuta kwenye gari," Jesca akaniambia.

Sikukimbia. Nataka mlijue na hili. Nilikaa pale dakika kadhaa nikitafuta la kusema, nikipanga ni kisingizio gani kitakaa vizuri, mtindo wangu ule ule. Nilipokimbia, gari lilikuwa limeshaondoka.

Jumapili nikapanda Nyandira kwa gari la kwanza. Nilifika watu wanatoka misani. Mdogo wangu Neema alikuwa anafagia uwanja. Aliniona, akaendelea kufagia. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jiko anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

Akaacha kisu, akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma, akakifuta kwa kanga na kukiweka kivulini. Mimi nyumbani hukaa kwenye kigoda au kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaona ndoo ya maji ni tupu, nikaichukua niende bombani kama siku zote.

"Kaa, kaa," akasema mama. "Umetoka mbali. Neema ataleta."

Nikakaa. Neema akaniletea maji ya kunawa kwenye beseni, bila kunitazama, kama anavyomletea katekista.

Nilitoa zile kadi mkobani, nikazishika kwa mikono miwili, nikampa. Nikamwambia mchezo tumeuvunja, hautachapwa, na kwamba nimeyarudisha majina. Mama alizipokea. Alizihesabu, zikatimia saba, akamwambia Neema azipeleke kwenye sanduku. Hakukataa, hakunifokea. Akarudi kwenye viazi vyake.

Nilitaka nimpe kitu kingine, kitu cha kunitetea, na nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu.

"Na wenzangu wameshajua, mama," nikasema.

"Wameshajua nini?"

"Kwamba wewe ni mama yangu."

Mama akakikata kiazi katikati, akakitazama ndani kama kimeoza. Hakikuwa kimeoza. Akakitia kwenye sufuria.

"Hilo mimi nilikuwa nalijua, Martina," akasema. "Tangu siku nilipokuzaa. Nililokuwa silijui ni lile uliloniambia jana, kwamba mimi ni mama wa mboga."

Akainuka na sufuria kwenda kubandika viazi, na mimi nikabaki nimekaa kwenye kiti cha wageni.